Somo la Wiki: Mstari wa Wastani na Ulaji wa Mafuta

Wiki hii tunaziacha bei kidogo ili tujifunze kusoma chati ya mistari kwenye kompyuta. Mfano wetu ni magari mapya ya Marekani, ambayo takwimu zake hutolewa na shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, kuanzia magari ya mwaka 1975.

Mstari wa magari yote unaanza maili 13.1 kwa galoni. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, na sheria ya 1975 iliyowabana watengenezaji, ulipanda hadi 22.0 mwaka 1987. Kisha ukateremka polepole hadi 19.3 mwaka 2004, ukageuka, na kufikia 27.1 mwaka 2023.

Wengi hukosea kwenye ule mteremko. Mwenye haraka atasema kwamba kwa miaka 17 injini zilizidi kuwa mbovu. Lakini chagua aina ya gari, na chati itakupa mstari wa kila kundi peke yake. Pikapu, vani na SUV kubwa hula mafuta kuliko sedani. Mwaka 1987 magari hayo hayakufika theluthi ya mauzo; mwaka 2004 yalikaribia nusu. Wanunuzi ndio waliouvuta wastani chini. Fungua sasa mstari wa nguvu za injini: wastani wa farasi 118 mwaka 1987, na 211 mwaka 2004. Ufundi uliongezeka, ila uliishia kwenye mbio na uzito.

Kipimo chenyewe nacho hudanganya macho. Mfanyabiashara hulipia lita, halipii maili, kwa hiyo geuza hesabu. Kutoka maili 13.1 hadi 22.0, mafuta ya kilomita 100 yalipungua kutoka lita 18.0 hadi 10.7. Kutoka 22.0 hadi 27.1 yalipungua hadi 8.7 tu. Kila maili iliyoongezeka mwanzoni iliokoa mafuta mara mbili ya ile ya baadaye, ingawa kwenye chati zina urefu sawa.

Angalia pia kilichomo ndani ya wastani. Ile 27.1 ya mwaka 2023 imejumuisha magari ya umeme, ambayo huupandisha mstari bila gari la petroli kubadilika. Anayenunua ya petroli ili ayauze asipige hesabu ya faida kwa namba hiyo. Atafute mstari wa aina anayoiuza.