Solitoni na Mwelekeo wa Mtetemo wa Mwanga
Mpigo mfupi wa mwanga hutawanyika ndani ya faiba ya kioo, kwa kuwa rangi zake hazisafiri kwa kasi moja. Ukiwa na nguvu ya kutosha, huathiri kioo chenyewe, mtawanyiko ukafidiwa na umbo likadumu: hiyo ndiyo solitoni.

Polaraizesheni, yaani mwelekeo wa mtetemo, huamua hatima yake. Katika faiba yenye mielekeo miwili ya kasi tofauti, mwanga uingiao kwa pembe ya nyuzi 45 hugawanyika. Sehemu zilizo dhaifu huachana, zenye nguvu hushikana.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitumia solitoni za takriban nanomita 1,700 kuona kina cha ubongo wa panya hai. Panapotumika faiba ya kawaida, kuikunja huvuruga polaraizesheni. Picha huweza kufifia, na mtazamaji akailaumu tishu isiyo na kasoro.