Kumchunguza Mwanakisomo Bila Kumtahini

Mwanachuo apelekwaye mazoezi ya kufundisha hukuta mara nyingine kwamba, watoto wakisha kwenda zao, chumba kile kile huingia watu wazima, nao humtazamia yeye awafundishe. Juma la kwanza huja watu ishirini na watano; juma la tano wamebaki tisa. Katika taarifa yake huandika kwamba wananchi wana "mwamko mdogo". Maneno haya yameandikwa katika taarifa nyingi mno, na kwa maoni yangu hayajapata kumfundisha mwalimu kitu chochote. Hapana budi tutafute sababu yenyewe.

Tanzania ina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1968 ulianza, katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu mzima hushika herufi upesi zaidi akizikuta ndani ya kazi yake mwenyewe. Hivyo vikatungwa vitabu vya pamba, vya uvuvi, vya migomba, vya ng'ombe. Mwaka 1970 ukawa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ulipofanywa mtihani wa taifa mwaka 1975, wasiojua kusoma na kuandika walitangazwa kuwa asilimia 39, na mwaka 1986 chini ya asilimia 10. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilikuta kiasi cha mtu mzima mmoja kati ya watano hajui. Ni kweli kwamba mtihani na sensa havipimi kwa kipimo kimoja. Hata hivyo, hatuwezi kukana kwamba wengi waliacha darasa, au walisahau walichojifunza.

Mtihani ule ulikuwa na hatua nne, na aliyefika ya tatu au ya nne ndiye aliyehesabiwa kuwa amehitimu. Haukuweza kumweleza mwalimu kwa nini yule wa hatua ya kwanza hakurudi. Upungufu wa namna hii ndio uliowasumbua watafiti waliofanya kazi Tanzania katika miaka ya 1970, miongoni mwao Budd Hall na Marja-Liisa Swantz. Waliona kwamba dodoso huleta majibu ya maswali ya mtafiti tu, wakajenga njia iitwayo utafiti shirikishi, ambamo wanakijiji wenyewe huuliza, hukusanya na kupambanua. Mradi wa Jipemoyo, ulioanza mwaka 1975 katika wilaya ya Bagamoyo, ulifuata njia hiyo.

Mimi niliyajua haya kitabuni, lakini nilipokuwa mwalimu mgeni kijijini nilitoka na dodoso la maswali ishirini na mawili. Swali la tisa lilikuwa: "Kwa nini umeacha kuhudhuria?" Karibu wote walijibu: "Kazi nyingi." Nikachora jedwali zuri. Miezi miwili baadaye nilikuwa nikipukuchua mahindi uani kwa mama mmoja, mwanakisomo wangu wa zamani, akaniambia: "Mwalimu, kazi hazikuanza mwaka huu. Ulimsimamisha baba mkwe wangu ubaoni, akashindwa, nami nimekaa namtazama. Tangu siku ile ningeingiaje mle?"

Mama yule hakuwa amenidanganya kwenye dodoso. Adabu haimruhusu mtu kumwaibisha mgeni mbele ya karatasi yake, na mwalimu mwenye kalamu mkononi huonekana mtahini hata akitabasamu.

Basi anza na daftari la mahudhurio, wala usitazame jumla peke yake. Tazama nani aliondoka pamoja na nani, na siku ipi. Wakiondoka wote wakati wa palizi, shamba ndilo jibu, na watarudi. Wakiondoka wawili wa nyumba moja katikati ya kiangazi, kuna jambo. Kisha kaa nao kazini mwao. Usiandike mbele yao, andika ufikapo nyumbani. Baadaye rudisha darasani uliyoyasikia, bila jina la mtu wala dalili ya kumtambulisha, nao wayasahihishe na waamue. Darasa langu liliamua kwamba wakwe wasisome saa moja, na kwamba atakaye kuandika aandike daftarini kwanza, aende ubaoni kwa hiari yake. Sikuwa nimefikiria hata moja kati ya hayo mawili.

Wanachuo watakaokwenda mazoezini muhula ujao walete nakala ya mahudhurio ya majuma sita, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa herufi, na ukurasa mmoja wa mazungumzo waliyoyaandika usiku wa siku ile ile.