Shirika katika Milki

Ndugu zetu, twaona watu wawili wakinunua kiwanja kwa shirika: mmoja hutoa thuluthi mbili na mwenziwe thuluthi moja, nao wakaona haya kuandikiana. Akifa yule aliyetoa zaidi, mayatima wake watashika nini? Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya, ya mwaka 2012, huwadhania washirika kuwa na mafungu sawasawa endapo waraka haukubainisha haki zao. Katika Sura ya Baqara, aya ya 282, tumefunzwa kuandika deni la muda na kushuhudisha; na shirika yastahiki hadhari iyo hiyo. Basi tuandikiane fungu la kila mtu siku ya kutoa fedha, tungali tukipendana. Mali bila daftari hupotea bila habari.