Modeli ya Ukuaji: Mwani Maji Yanapobadilika

Lengo: Mtahiniwa aweze kukokotoa ukuaji wakati kiwango cha ukuaji kinabadilika njiani.

Maelezo

Mwani ni alga. Hauna mizizi ya kweli, hivyo hufyonza virutubisho moja kwa moja kutoka kwenye maji ya bahari. Maji yakibadilika, ukuaji wake hubadilika. Wakulima wa pwani ya mashariki ya Unguja, wengi wao wanawake, wanalijua hili vizuri. Aina iitwayo kotonii, yenye bei nzuri kuliko spinosamu, hudhoofika maji yanapopata joto kali. Mvua kubwa nayo hupunguza chumvi ya maji.

Kila siku mwani huongeza asilimia fulani ya tungamo lake la siku hiyo. Kwa hiyo tunatumia kanuni:

M = M₀(1 + r)^t

M₀ ni tungamo la mwanzo, r ni kiwango cha ukuaji kwa siku, na t ni idadi ya siku.

Mfano

Mkulima amefunga mbegu 300, kila moja gramu 100. Mwani unakua kwa 5% kwa siku. Baada ya siku 28 maji yanapata joto, na kiwango kinashuka hadi 2%. Atavuna kilo ngapi siku ya 42?
(log 100 = 2; log 1.05 = 0.02119, log 1.02 = 0.00860)

Suluhisho

Gawa muda katika vipindi viwili: siku 28 na siku 14.

M = 100 × (1.05)^28 × (1.02)^14

log M = 2 + 28(0.02119) + 14(0.00860)
= 2 + 0.5933 + 0.1204
= 2.7137

M ≈ gramu 517

Mavuno: 300 × 517 = gramu 155,100, yaani takriban kilo 155.

Linganisha

Kama 5% ingedumu siku zote 42, log M = 2 + 42(0.02119) = 2.8900, na M ≈ gramu 776. Mavuno yangekuwa takriban kilo 233. Mkulima aliyekopa kwa kutegemea kilo 233 atapungukiwa kilo 78, yaani theluthi moja ya mavuno. Hesabu yake haikuwa na kosa la kuzidisha. Kosa lilikuwa kudhani kwamba bahari itabaki vilevile.

Makosa ya kawaida

1. Kuandika 100 + 5 × 42 = 310. Hapo umeongeza gramu 5 zilezile kila siku, wakati asilimia hukokotolewa kwenye tungamo jipya.
2. Kurudi kwenye gramu 100 unapoanza kipindi cha pili. Tungamo la mwisho wa kipindi cha kwanza ndilo mwanzo wa kipindi cha pili.
3. Kusahau alama ya r. Mwani ukiugua na kupungua kwa 3% kwa siku, tumia (0.97)^t.
4. Kutotaja dhana. Swali likisema "toa maoni kuhusu modeli," andika kwamba jibu ni sahihi iwapo tu kiwango cha kila kipindi hakikubadilika.

Zoezi

Mbegu ya gramu 80 inakua kwa 4% kwa siku kwa siku 20, kisha mvua inanyesha na kiwango kinakuwa 1% kwa siku 20 zinazofuata. Tafuta tungamo la mwisho.
(log 80 = 1.9031, log 1.04 = 0.01703, log 1.01 = 0.00432)

*Jibu: takriban gramu 214.*