SOMO KWA MAKATIBU: KUJIFUNZA LEJA KWA KUFUNGA KITABU



Wengi wetu tuliingia ofisini tukiwa makarani wa mizani. Kupima kahawa na kuandika stakabadhi tulijifunza kwa siku chache. Kilichotuchelewesha kufikia ukatibu ni leja. Tulihudhuria mafunzo, tukanakili mifano yote kwa mwandiko safi, na mwezi mmoja baadaye tukashindwa kufunga hesabu. Hapo ndipo katibu huanza kutia sahihi asichokielewa, na fedha yenyewe ni ya mkulima.

Kosa si uzito wa akili. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunayojifunza husahaulika mapema sana, na kwamba kurudia kwa siku zilizoachana kwafaa kuliko kurudia mara nyingi kwa siku moja.

Basi chukua hati 10 za chama chako, si za kitabuni ambazo daima hulingana. Soma mfano mmoja, ufunge kitabu, kisha uziingize hati hizo peke yako katika karatasi ya kando. Leja yenyewe usiiguse. Debiti na krediti zisipolingana, usikimbilie kitabu. Tazama tofauti. Ikigawanyika sawasawa kwa 9, huenda tarakimu zimebadilishana nafasi: shilingi 5,400 zikiandikwa 4,500, tofauti ni 900. Ikigawanyika kwa 2, tafuta kiasi kilicho nusu yake. Pengine kimeingizwa upande usio wake. Saa moja ya kuisaka tofauti hufundisha zaidi ya kunakili kurasa 20, ingawa nakiri kwamba haipendezi hata kidogo.

Rudia baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, kwa hati nyingine. Halafu mweleze mjumbe mmoja wa kamati ulichojifunza. Ukikwama, hapo ndipo pa kuanzia kesho.

Mimi nilikwama mbele ya mzee mmoja wa kamati, aliyeishia darasa la 4. Aliuliza: "Tukipeleka fedha benki, wewe waandika debiti. Mbona taarifa ya benki yasema krediti?" Sikuwa na jibu. Nililipata wiki iliyofuata, baada ya kuchora vitabu viwili kando kwa kando: kwetu fedha ile ni mali, bali kwa benki ni deni inalodaiwa na chama, nayo huandika kwa upande wake. Tangu siku hiyo sijakosea ulinganisho wa benki kwa sababu hiyo.