Kabla ya Kupanda Chombo: Somo kwa Wakaazi wa Ganze Wanaopanga Matembezi ya Baharini

Msimu wa likizo ukikaribia, vyama vya akina mama, vikundi vya vijana na familia kutoka Ganze, Bamba, Jaribuni na Sokoke huanza kuchanga pesa. Hukodi matatu na kuteremka Kilifi, Watamu au Malindi kuona bahari. Baadhi yao hawaishii ufuoni. Hukodi boti ya saa mbili kuzunguka hori ya Kilifi, au boti ya kioo ya kutazama samaki Watamu. Wale wenye jamaa waliorudi likizo kutoka Nairobi au ng'ambo hufikiria hata yoti, yaani boti ya matanga yenye vyumba vya kulala, kwa siku moja au mbili.

Ganze haina ufuo. Maji ya mvua yake huteremka kwa mto Rare hadi hori ya Kilifi, lakini wengi wa watu wake hawakukulia majini, na wengi hawajui kuogelea. Hilo si aibu. Ila linamaanisha kwamba mgeni huyu wa bahari hawezi kutegemea nguvu zake chombo kikizama, na kinga yake kubwa ni yale anayoyauliza na kuyakubali akiwa bado nchi kavu.

Pesa zikishatoka

Hatari kubwa ya safari ya kikundi huanzia kwenye daftari la mweka hazina. Watu 22 wamechanga kwa miezi minne. Nauli ya matatu imelipwa, boti imelipiwa, pilau imepikwa usiku. Wakifika ufuoni wanakuta upepo mkali, au boti ya watu 12. Hapo hakuna anayetaka kuwa yule anayesema turudi nyumbani. Nahodha naye ameshatumia pesa kununua petroli. Kila mmoja anasubiri mwenzake aseme, na kikundi kinapanda.

Dawa yake ni mapatano yanayofanywa mapema, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Yataje mambo manne: bei ni ya watu wangapi, ni nini kimo ndani ya bei hiyo, kama vile mafuta, chakula na ada ya hifadhi, nani ana neno la mwisho la kuahirisha safari kwa sababu ya hali ya bahari, na pesa zitakwendaje safari ikiahirishwa. Jibu la haki kwa swali la mwisho ni siku nyingine bila malipo mapya, au kurudishiwa sehemu kubwa ya pesa. Kiongozi wa kikundi anayekubali kulipa bei yote wiki mbili kabla, bila neno lolote kuhusu upepo, amejifunga mikono.

Ni vizuri pia kikundi kimchague mapema mtu mmoja, ikiwezekana asiye mweka hazina, mwenye ruhusa ya kusema "leo hatupandi" bila kuulizwa mara mbili.

Likizo ipi?

Pwani ina majira mawili makubwa ya upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili hadi Oktoba. Kati ya hayo kuna vipindi vifupi vya utulivu. Kusi ndiyo yenye nguvu zaidi, hasa kati ya Juni na Agosti, wakati mawimbi yanapopasuka kwa kishindo kwenye mwamba wa nje na vyombo vidogo vingi vikikaa ndani yake.

Kwa hiyo likizo ya shule ya Agosti, ambayo wazazi wengi huiona nafasi nzuri, ni wakati mbaya wa kupeleka watoto nje ya mwamba. Aprili nayo ina mvua za masika na maji yaliyochafuka. Anayeweza kuchagua achague Disemba hadi Machi, na asafiri asubuhi, kwa sababu upepo mara nyingi huongezeka kadiri jua linavyopanda. Wanaolazimika kusafiri Agosti wanaweza kubaki ndani ya hori ya Kilifi, ambako maji huwa matulivu zaidi. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Kiongozi wa kikundi aitafute tahadhari hiyo siku mbili kabla na tena jioni ya mwisho.

Mwezi unaoonekana Bamba ndio wa Kilifi

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Pwani ya Kenya, maji ya bamvua huweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3.

Hapa mkaazi wa Ganze anaweza kupanga safari akiwa uani kwake. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, saa ileile ambayo matatu iliyotoka Ganze alfajiri inafika ufuoni. Boti inaweza kuwa imelala mchangani, na abiria wakalazimika kutembea juu ya miamba. Siku za maji mafu ni kinyume: saa hizo maji yamejaa. Hiyo haimaanishi kwamba maji kupwa ni mabaya kila mahali, kwani kuna sehemu ambazo samaki na matumbawe huonekana vyema yakiwa machache. Nahodha aulizwe kwa simu, "Siku hiyo maji yanajaa saa ngapi, nasi tuwe ufuoni saa ngapi?" Asiyeweza kujibu swali hilo papo hapo si nahodha wa kukabidhiwa watoto.

Kwenye mlango wa hori ya Kilifi kuna jambo moja zaidi. Siku za bamvua, maji yakitoka hutoka kwa kasi. Yakikutana na kusi inayovuma kutoka baharini, mawimbi husimama wima, mafupi na yenye kufuatana, hata kama ndani ya hori, chini ya daraja, kumetulia kama maji ya mtungini. Wengi hudanganywa na utulivu huo wa ndani.

Kukikagua chombo

Vyombo vidogo vya abiria hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Masuala ya Bahari Kenya (KMA). Leseni hutaja idadi ya watu. Abiria ana haki ya kuomba kuiona kabla ya kulipa, na kuomba kumjua nahodha atakayeongoza siku hiyo, si mwenye boti tu. Asiyejua aanzie wapi anaweza kuuliza ofisi ya kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, ambako vyombo na manahodha wa eneo hilo hujulikana kwa majina.

Idadi ni idadi. Mtoto wa miaka mitano ni abiria, na mtoto wa mgongoni pia ni abiria. Kenya ililipa somo hili tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka Mombasa ikiwa imejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 270 wakafa. Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia gati la Ukara, na waliokufa walipita 220. Ajali zote mbili zilitokea karibu na nchi kavu, watu wakiona walikokuwa wanakwenda. Kikundi cha watu 22 chenye boti ya watu 12 kiende kwa zamu mbili, au kikodi boti mbili.

Majaketi ya kuokoa maisha yahesabiwe kabla ya mtu yeyote kupanda: moja kwa kila mtu, na ya watoto kwa watoto. Jaketi lililofungiwa chini ya kiti halimsaidii mtu, kwa hiyo livaliwe ufuoni na livuliwe ufuoni. Namna ya kulipima ni rahisi. Mtu akishafunga mikanda yote, mwenzake ashike jaketi mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litateleza limwache aliyelivaa. Maboya ya kuchezea yanayojazwa pumzi si badala yake. Kinamama wanaovaa leso waifunge ndani ya jaketi, si juu yake.

Zaidi ya hayo, jicho la kawaida linatosha: je, kuna nanga na kamba, kasia au injini ya akiba, ndoo ya kuchotea maji, redio au simu yenye chaji iliyowekwa mahali pakavu? Je, nahodha amelewa? Swali hili la mwisho huulizwa kwa pua.

Majini

Kabla ya kung'oa nanga, nahodha awaeleze abiria wakae wapi na washike nini. Asipoeleza, aulizwe. Kosa la kawaida zaidi la wageni ni kukimbilia upande mmoja kupiga picha pomboo wanapotokea. Chombo kidogo hupinduliwa na uzito wa watu wake chenyewe kikiwa kizima. Kila mtu abaki alipokaa. Nahodha atageuza chombo ili upande wa pili nao uone.

Kulewa bahari hakumpati mnyonge pekee. Chakula chepesi, kutazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, na kukaa penye upepo husaidia. Dawa za kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika, na nyingi huleta usingizi. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa kudumu waulize kwanza kituo cha afya.

Jua la baharini huchoma mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Shati la mikono mirefu na kofia ni muhimu, na maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu si mengi. Yabebwe kwenye chupa za kutumika tena: tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku fuoni na katika hifadhi za taifa. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi, zilizoanzishwa mwaka 1968, husimamiwa na KWS, na ada yake hulipwa kupitia eCitizen. Wenye vitambulisho wavibebe, kwani ada ya raia na ya mgeni hazilingani. Humo hairuhusiwi kuvua, wala kuokota kombe au tumbawe, hata moja la kumpelekea nyanya nyumbani. Anayeshuka kwenye mwamba avae viatu vya plastiki, kwa sababu ya viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Akichomwa, mguu utiwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kisha aende zahanati.

Kwa wanaokodi yoti ya kulala, yote yaliyotangulia yanabaki, na machache huongezeka. Mizigo iwe mifuko laini inayokunjika, si masanduku. Maji ya kuoga ni yale yaliyobebwa tu. Mtu wa Ganze aliyezoea kuhesabu mitungi hatapata shida hapo. Na iulizwe mapema usiku chombo kitatia nanga wapi.

Mambo yakiharibika

Chombo kikipinduka, watu wakishikilie. Chombo cha mbao au cha faiba mara nyingi huendelea kuelea, na waokoaji hukiona mbali kuliko kichwa cha mtu. Kuogelea kuelekea ufuo unaoonekana karibu kumewamaliza watu wengi, kwa kuwa mkondo huwachosha kabla hawajafika. Aliye kwenye chombo kingine au ufuoni asijirushe kumfuata anayezama. Amrushie kamba, au mtungi wa lita 20 ulio mtupu na uliofungwa kifuniko. Huo humwelesha mtu vizuri.

Msaada huombwa kwa nambari 999 au 112. Nahodha mwenye redio hutumia chaneli 16. Kikosi cha Walinzi wa Pwani, KMA na wavuvi wa BMU wataanza kazi mapema zaidi wakijua wanatafuta nini. Kwa hiyo karatasi moja ibaki na dereva wa matatu: majina ya wote waliopanda, jina na rangi ya chombo, nambari ya simu ya nahodha, mahali walipoondokea, wanakokwenda na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita kwa nusu saa na simu ya nahodha haipatikani, dereva asisubiri jua lizame ndipo apige simu.