Kuweka Linux kwenye kompyuta ya stationeri yenye diski ya GB 40

Stendi kuu ya mabasi, Soko la Job Ndugai na viwanja vya Nanenane vimeleta watu wengi Nzuguni, Dodoma, na penye watu wengi hapakosi stationeri. Mtu anataka kudurufu cheti, mwingine kuskani kitambulisho cha NIDA, mwingine kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Kompyuta zinazofanya kazi hii mara nyingi ni mitumba: memori GB 2, diski GB 40 au 80. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka diski ya GB 64 kwa uchache. Mashine hizi bado zina kazi ya kufanya, na Linux inazitosha kabisa. Ila nafasi iokolewe siku ile ile ya kusakinisha. Ukijaza kila kitu halafu uanze kufutafuta baadaye, utahangaika kila wiki.

Pakua Debian (mojawapo ya aina za Linux) ya netinst. Haifiki GB 1, na inavuta mtandaoni zile programu ulizochagua tu. Prosesa ikiwa ya biti 32, tumia Debian 12, kwa sababu Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Na usishangae diski ya GB 40 ikisoma 37: kiwandani wanahesabu kwa 1000, kompyuta inahesabu kwa 1024.

Ukifika kwenye kugawa diski utapewa njia kadhaa, kama vile faili zote katika partisheni moja, /home ikae peke yake, au /home, /var na /tmp zitengwe kila moja. Chagua ya kwanza. Mafundi wetu waliozoea kupiga window wanapenda kugawa C na D, na kwenye diski kubwa hakuna ubaya. Kwenye ndogo ni hasara tupu: /var inajaa mpaka masasisho yanagoma, huku /home ina GB 15 ambazo hakuna wa kuzitumia. Swapu ambayo kisakinishi kinajitengea chenyewe inatosha. Memori ikizidiwa, sakinisha zram-tools, ambayo hubana data humo humo kwenye memori bila kugusa diski.

Skrini ya kuchagua programu ndiyo inayoharibu mambo. Ni orodha ya mazingira ya kazi, na GNOME tayari imewekewa nyota. Watu wanabonyeza Enter tu. Wewe shuka kwa mishale, bonyeza kitufe cha nafasi kuondoa nyota zote, ubakize ile ya zana za kawaida za mfumo. Hata Xfce usiichague hapo, maana inakuja na LibreOffice nzima na vingine ambavyo stationeri haitavigusa. Mashine ikiwaka na skrini nyeusi ya maandishi, ingia kama root uandike:

apt install --no-install-recommends xorg xfce4 xfce4-terminal lightdm network-manager-gnome firefox-esr libreoffice-writer libreoffice-calc libreoffice-gtk3

Kisha cups na simple-scan kwa ajili ya printa na skana. Hizo zisakinishe kawaida, bila kuzuia nyongeza zake. Washa upya, na una ofisi kamili isiyofika GB 6. Flatpak ikae mbali na mashine hii: kila programu inakuja na maktaba zake.

Sasa kuna nafasi iliyofichwa ambayo wengi hawaijui. Mfumo wa faili wa ext4 humwekea root asilimia 5 ya diski, yaani karibu GB 2 kwako. Amri tune2fs -m 1 /dev/sda1 inairudisha sehemu kubwa (angalia kwanza kwa df -h kama partisheni yako ndiyo hiyo sda1). Kumbukumbu za mfumo nazo zinaruhusiwa kufika asilimia 10 ya diski, kwa hiyo fungua /etc/systemd/journald.conf uandike SystemMaxUse=100M. Kusasisha, tumia apt badala ya apt-get, kwa sababu apt hufuta vifurushi ilivyovipakua ikishamaliza kuvisakinisha, halafu apt autoremove iondoe keneli za zamani.

Baada ya hayo yote, kitakachoijaza diski ni faili za wateja. Kila PDF iliyopakuliwa kutoka WhatsApp Web na kila picha ya pasipoti hubaki kwenye Downloads, na ukifuta kwa kipanya inaweza kuhamia tu kwenye taka, ambako bado inakula nafasi. Humo mna vyeti na vitambulisho vya watu, kwa hiyo kuziacha faili hizo miezi na miezi ni kuwaweka wenyewe hatarini. Andika crontab -e kwa akaunti ya kazi, uongeze mstari huu:

0 13 * * * find ~/Downloads -type f -mtime +7 -delete

Saa 7 mchana nimeichagua kwa kuwa mashine inakuwa imewashwa. Usiku ikiwa imezimwa amri haitafanya kazi. Barua na fomu zako mwenyewe ziweke kwenye folda nyingine. Halafu bandika tangazo ukutani kwamba faili hutunzwa siku 7, ili mteja aliyetoka Kongwa au Mpwapwa aondoke na nakala yake kwenye flashi.